Kusaga Jino Zima

Aliyepaswa kuwaandikia haya ni Daktari Bosibori. Yeye ndiye aliyetengeneza meno ya watu wa Kisii na Nyamira tangu mimi nikiwa na meno ya utoto, na sasa amestaafu. Nilipomwomba aandike kitu kidogo kwa wanafunzi mnaokuja kujifunza kazi kwenye kliniki yetu, alinijibu kwa simu, "Nyanchama, mimi nina kuku. Andika wewe. Wewe ndiye unapenda kufikiria."

Basi naandika mimi. Ni binti wa wakulima wa chai wa Ikonge, na nimetoka chuoni juzi tu, kwa hivyo msinichukue kama mzee. Nimewatangulia hatua chache. Lakini hatua hizo nilizipiga nikimfuata mtu aliyejua njia, na ningependa muione kabla nyasi hazijaifunika.

Nianze na daraja la meno lenyewe, kama nilivyomweleza mama yangu, ambaye alidhani nimesoma miaka yote hiyo ili kung'oa. Mtu akipoteza jino, majirani wawili wa lile pengo wanabaki wamesimama. Tunayasaga meno hayo mawili mpaka yawe vigingi vidogo, kisha tunayavisha kofia. Katikati ya kofia hizo tunaweka jino bandia, vyote vitatu vikiwa kipande kimoja, na kipande hicho tunakibandika kwa simenti ya meno. Hakivuliwi, hakilazwi kwenye glasi ya maji. Jino lisilo na mzizi linauma mahindi kwa nguvu ya majirani wake! Wengine wamezoea. Mimi bado jambo hili linanishangaza, na natumaini halitaacha kunishangaza.

Lakini mama yangu alisikia neno moja tu. "Mnayasaga? Hayo mawili yana ugonjwa gani?"

Hayana ugonjwa wowote. Hapo ndipo penye kazi.

Chuoni mtafundishwa kupima mdomo wa mtu. Kwa Daktari Bosibori nilifundishwa kwamba mdomo una mwenyewe, na mwenyewe ana maisha. Kliniki yake ilikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Siku ya kujaribu daraja, mgonjwa aliambiwa aje na chakula anachokula na kazi anayofanya. Siku yangu ya kwanza nilikuta chumba cha kungojea kinanuka mahindi ya kuchoma. Mzee mmoja alikuwa na kipande cha muwa magotini, dada mmoja wa cherehani alikuwa na rili ya uzi. Nilidhani wamekosea mlango. Baadaye akaja mchungaji aliyewekewa meno ya mbele, akahubiri nusu ya mahubiri yake akiwa amekaa kwenye kiti cha meno, ili tusikie kama herufi zinatoka sawa. Mgonjwa aliyekuwa nje ya pazia akajibu "Amina!" na mchungaji akaongeza dakika.

Nilimwuliza Daktari Bosibori kwa nini tusitumie tu karatasi ya rangi, ile ya bluu ambayo mtu anaiuma na inaacha alama pale meno yanapokutana kwa nguvu.

"Tunaitumia," akasema. "Lakini ukimwambia mtu wa kwetu 'uma', anauma kwa adabu. Anakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, anauma polepole. Ukimwuliza anasikiaje, atasema ni sawa tu daktari. Halafu ataenda nyumbani aumie mpaka mwakani, kwa sababu hataki kukusumbua. Mpe muwa. Kwa muwa hakuna adabu."

Mtu wa pili wa kumfahamu ni Onchiri, anayetengeneza madaraja yenyewe kwenye maabara yetu, chumba cha nyuma kisicho kikubwa kuliko jiko. Onchiri ana diploma yake ya ufundi wa meno na sauti ya mtu wa mnada, na hakuna siku aliwahi kusema jambo lake ni dogo. Kwao ni Tabaka, wanakochonga mawe ya Kisii, na alikuwa na droo iliyojaa meno ya mawe, mengine makubwa kama ngumi. Alinipa jiwe na kisu, akaniambia nichonge chonge, lile jino lenye ncha lililo kwenye kona ya mdomo. Nilichonga wiki nzima, kila nikimaliza chakula cha mchana.

Akaligeuzageuza. "Profesa, hii ni njugu. Rudia."

Aliniita Profesa kwa sababu nilikuwa na swali juu ya kila kitu. Nilirudia. Lililofuata alisema ni njugu iliyokaangwa, kwa hivyo tunasonga mbele. Hata ninyi atawapa jiwe, na msikasirike. Mkono ukishajua mgongo wa jino ulivyo na tumbo lake lilivyo, macho hayawezi kuudanganya tena.

Kwa Onchiri pia nilijifunza rangi. Huchagui rangi ya jino chini ya taa, na huchagui baada ya kusaga, kwa maana jino likikaa wazi linakauka na kuwa jeupe la uongo. Unamtoa mgonjwa kwenye veranda kabla hujagusa kitu, afute rangi ya mdomo, aangalie barabara, na unachagua haraka kabla macho yako hayajachoka. Watu huomba nyeupe kabisa. Onchiri alikuwa akiwauliza kwa sauti ya kusikika mpaka duka la chini, "Unataka meno ama unataka sinki?"

Sasa niwaambie juu ya Mama Kemunto.

Alikuja asubuhi moja kutoka Masimba, mwanamke mrefu, shingo imenyooka, kiganja kikiwa mbele ya mdomo. Alikosa jino la juu upande wa kulia, la pili kutoka katikati. Lilikuwa limeoza miaka mingi, likang'olewa. Kanisani kwao, kwa Waadventista, yeye ndiye alikuwa mwenye kuanzisha nyimbo. Alikuwa amepewa jino la kuvaa na kutoa, lakini siku moja katikati ya wimbo, kwenye sauti ya juu, lilimtoka likaanguka kwenye kiti cha mbele. Mzee wa kanisa akalirudisha akiwa amelifunga kwenye kitambaa chake. Tangu siku hiyo Mama Kemunto aliimba akiwa amefunga mdomo, jambo ambalo, kama alivyosema mwenyewe, ni sawa na kupika bila moto.

"Nataka ile isiyotoka," alisema. "Makambi ya kanisa yakifika nataka nisimame mbele."

Daktari Bosibori alinikabidhi kazi hiyo. Nilipiga picha za eksirei, nikazitazama mpaka msichana wa mapokezi akaniuliza kama natafuta mtu ndani yake. Meno mawili ya kushikilia daraja yalikuwa mazuri ajabu: jino la mbele la katikati, na chonge lenye mzizi mrefu uliotulia kwenye mfupa. Sijawahi kuona chonge zuri hivyo. Nilichora mpango, nikauchora tena. Niliwaza kushikilia daraja kwa jino moja tu ili nisilisage la pili. Nilisoma kila nilichoweza kusoma. Siku ya kusaga ilipofika nilikuwa najua hatari zote na sikujua pa kuanzia.

Mama Kemunto alikaa kwenye kiti, akagusa chonge lake kwa kidole. "Daktari, hii jino iko na shida gani?"

"Haina shida, Mama."

"Na unaisaga?"

Nilifungua mdomo, pakatoka maneno ya kitabu. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akamgeukia Daktari Bosibori aliyekuwa amesimama dirishani. "Huyu mtoto anasema nini?"

Daktari Bosibori alivuta kiti, akakaa mpaka macho yao yakalingana. Hakuchukua mashine kutoka mikononi mwangu. "Mama, hayo meno mawili hayana kosa lolote. Tunayaomba nguvu, yabebe jino la tatu. Tukishayasaga, hatuwezi kurudisha. Jino likisagwa linaweza kukasirika kidogo halafu litulie. Mara chache linakufa ndani, na hapo itabidi tutoe mshipa wake. Likiharibika zaidi, tunaweza kulikosa kabisa. Nyanchama atatoa kidogo iwezekanavyo. Kama unaona ni afadhali pengo, pengo si dhambi."

Mama Kemunto alituambia kuhusu dada yake, ambaye fundi mmoja wa kutembea mitaani alimfungia jino bandia kwa waya kwenye majirani wake. Dada huyo alianza na pengo moja, akaishia na matatu.

"Sasa mimi nina pengo moja," akasema. "Moja nimeizoea. Mkiniulia hata moja ya hizi, nitakuja kukaa kwa hiyo benchi yenu mpaka watu wote wa Kisii wanione."

"Utapewa chai," Daktari Bosibori akasema.

Mama Kemunto akacheka, kiganja mbele ya mdomo. Kisha akakiondoa kile kiganja, akaegemea nyuma. "Saga, mwanangu. Lakini ukisaga, nifikirie."

Kama kuna jambo nililoweza kulifanya, ni hilo.

Nilisaga. Nisiwafiche raha iliyomo, kwa maana hakuna aliyenieleza mapema. Maji yakitiririka vizuri juu ya jino, mashine ikiwa nyepesi mkononi, unaliona umbo likitokea ndani ya jino kama lilikuwa likikungoja. Daktari Bosibori alikuwa amenifundisha kusaga kwa kugusa na kuachia, kugusa na kuachia, na maji mengi, kwa sababu joto ndilo linaloua jino upesi kuliko chuma. Mara moja tu aliweka kidole kwenye kiwiko changu, nikajua nimeshikilia mno, nikaachia.

Tulichukua umbo la vigingi kwa ile dawa laini inayoganda, Onchiri akalipokea akiimba, nami nikamtengenezea Mama Kemunto daraja la muda, la plastiki, la kukinga vigingi mpaka lile lenyewe liive. Alikuwa ametii desturi ya kliniki, akaja na muwa na chapati kwenye karatasi. Alikula vyote. Akaanzisha wimbo kwa sauti iliyowafanya watu wa duka la chini watoke nje. Tulimwuliza kama kuna kazi yoyote anayoifanya na meno: kukata uzi, kufungua soda, kushika pini.

"Mimi? Meno yangu ni ya kula na kuimba tu. Nauza mboga, sishoni."

Niliandika kwamba yote ni sawa, na yalikuwa sawa.

Siku chache baadaye simu ikaja. Chonge linauma. Akinywa maji baridi linashtuka, na mchana akiwa kazini linakuwa na uchungu mzito kama limepigwa. Nilimwuliza maswali mengi hata akaniambia salio lake linaisha. Nilipokata simu nilikuwa nimeshalizika lile jino. Nililiona likiwa limekufa ndani ya kofia, halafu limetolewa mshipa, halafu limevunjika, halafu nikamwona Mama Kemunto akiwa kwenye benchi letu na mapengo matatu, anakunywa chai.

Onchiri alikuwa amemaliza daraja lenyewe. Lilikuwa ndani ya kisanduku chake mezani, meno matatu yenye rangi ya mtu aliyekunywa chai maisha yake yote, na mstari mwembamba kwenye chonge kama ulio kwenye chonge la upande wa pili. Nililitazama, nikasema huenda halitabandikwa kamwe.

"Profesa, wewe unazika mtu hata hajapelekwa hospitali," Onchiri akasema.

Daktari Bosibori aliuliza jambo moja tu. "Maumivu yakija, yanakaa ama yanaenda?"

Sikuwa nimeuliza. Katika maswali yote yale, hilo halikuwamo. Likumbukeni basi, kwa maana ndilo la kwanza: baridi ikigusa jino na maumivu yakaja kama kibao kisha yakaondoka, jino liko hai, limekasirika tu. Yakija na kukaa, yakiendelea kupiga hata baridi ikishaondoka, hapo kuna neno.

"Kabla hujamwita," akaongeza, "nenda sokoni ukanunue mboga."

Soko la Daraja Mbili, siku yake ikifika, halihitaji maelezo kwa mtu wa hapa. Nilimpata Mama Kemunto kati ya ndizi na mitumba, amekaa kwenye kiti kidogo, mbele yake lundo la mboga za chinsaga na managu alilokuwa akiligawa mafungu. Alifurahi kuniona, akanisukumia ndoo iliyopinduliwa nikae.

"Mama, uko hakika hakuna kitu unachofanya na meno?"

"Daktari, nilikwambia." Akachukua fungu la chinsaga kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akachomoa kamba ndefu ya mgomba iliyokauka kutoka begani, akaiuma kwenye pembe ya mdomo, upande wa kulia, akaivuta kwa kando mpaka ikapasuka nyembamba, akafunga fungu. "Mimi si kama hawa wa kufungua soda." Akaiuma tena, akavuta, akafunga fungu la pili. "Meno ni kitu ya kutunza."

Nilitazama lundo la mafungu pembeni yake. Kila fungu lilikuwa na kamba yake.

"Mama. Hiyo kamba."

"Kamba gani?" Ilikuwa mdomoni.

Jirani yake, muuza ndizi, alipiga paja lake kwa kicheko. "Kemunto! Daktari anauliza makasi yako! Daktari, huyu hajawahi kununua kisu tangu tumjue. Kijiji kizima wanajua!"

Mama Kemunto aliitoa kamba mdomoni polepole, akaitazama kama mtu mwingine ameiweka pale. "Ee Nyasae," akasema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwetu. "Na mimi naapa mbele ya daktari."

Hakuwa amedanganya. Ni kitu ambacho mama yake alifanya, na nyanya yake pia, na mikono ilikuwa imejifunza kabla ya kichwa. Nadhani hata sisi wote, kila mmoja na kamba yake, hatungeitaja kama tungeulizwa kwenye kiti. Ndiyo maana Daktari Bosibori hakuamini kiti.

Mama Kemunto alikuja kesho yake na rundo la kamba chini ya kwapa. Nilimpa karatasi ya bluu aume kwa adabu: alama ndogo, nzuri. Kisha nikamwambia apasue kamba kama yuko sokoni. Akavuta kwa kando, taya likateleza kulia, na pale kwenye chonge la plastiki ikatokea alama nzito kama wino uliomwagika. Kila kamba, kila fungu, jino lile peke yake lilikuwa likisukumwa kando, jino lililotoka kusagwa juzi. Onchiri alilibeba daraja lake mpaka dirishani, akalipima kwa jicho, akarudi maabara kupunguza mgongo wa chonge na kulisugua ling'ae upya. Tulisikia tu wimbo wake ukianza tena.

Ikabaki swali lenyewe. Nililiondoa daraja la muda. Vigingi viwili vilisimama pale, vidogo, wazi, na sikuweza kujua kwa kuvitazama kama kuna uhai ndani. Nilinyunyiza dawa ya baridi kwenye kipande cha pamba. Daktari Bosibori alikuja akasimama upande wa pili wa kiti.

"Mama," nikasema, "nitagusa chonge na kitu baridi. Niambie ukisikia."

"Na nisiposikia?"

Nikamwambia ukweli. "Basi tutakuwa tumelipoteza, na nitakwambia vile tutafanya."

Akashika mikono ya kiti. Akafungua mdomo.

Niliweka pamba kwenye chonge. Sekunde ya kwanza hakuna kitu. Nilianza kuhesabu moyoni, na moyo ukanipita mbele. Kisha Mama Kemunto akaruka kutoka kwenye kiti, akatoa sauti, na mkono wake ukanipiga kofi kwenye kifundo cha mkono hata pamba ikaruka mpaka kwenye sinki.

"Wewe! Unataka kuniua?"

"Bado inauma? Sasa hivi, bado?"

Akasikiliza ndani ya mdomo wake, jicho moja limefungwa. "Hapana. Imeenda."

"Imeenda kabisa?"

"Nimesema imeenda! Na wewe unacheka nini?"

Sikujua kwamba nacheka. "Liko hai, Mama. Hilo kofi ni la jino lililo hai."

Akanitazama, akamtazama Daktari Bosibori, kuhakikisha si maneno ya kitabu. Daktari Bosibori akatikisa kichwa kukubali. Mama Kemunto akarudi kuegemea, akapangusa machozi ya baridi, akafungua mdomo wazi, akaelekeza kidole kwenye kigingi cha mbele.

"Na hii ingine. Pima."

Lile lingine nalo lilikuwa hai. Najua, kwa sababu safari hii kofi lilimpata Daktari Bosibori.